Baada ya Oktoba, Bibi anakula nini?

"Na kesho?"

Bibi aliniuliza akiwa bado na punje za wali vidoleni. Tulikuwa kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba moja ya wazee hapa Leicester, mwezi wa Oktoba. Meza zilitandikwa vitenge vya kuazima na ukutani palikuwa na ramani ya Afrika iliyopakwa rangi na watoto wa shule. Mimi niliitwa kupika. Wapishi wa pale waliniachia jiko lao kwa saa kadhaa, nikapika kama ninavyopikia shughuli: wali wa nazi, kunde, samaki wa kupaka aliyetolewa miba yote, na mchicha.

Bibi huyu ni wa Pangani. Kiingereza alichokuwa nacho kimemtoka pamoja na kumbukumbu za miaka ya karibuni, amebaki na Kiswahili chake cha pwani. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, akanikazia macho, akauliza mimi mtoto wa nani. Kisha akala. Alikisukuma kijiko pembeni, akatonga wali kwa vidole vitatu, akauchovya kwenye mchuzi wa kunde, na hakuinua uso mpaka sahani ikaisha. Mhudumu aliyekuwa nyuma yake alininong'oneza kwamba hajawahi kumwona akimaliza chakula.

Halafu ndiyo akauliza. Na kesho?

Nilimjibu kwamba kesho watampikia hawa hawa, Bibi, usiwe na wasiwasi. Nilisema kwa sauti ya kubembeleza. Nilipokuwa nakunja vitenge nilijua kwamba sikumjibu.

## Heshima ya mwezi mmoja

Uingereza imekuwa na mwezi wa kuadhimisha historia ya watu weusi tangu 1987, na ni Oktoba. Sisi tunaopika tunaujua vizuri. Simu zinaanza Agosti. Shule, hospitali, ofisi za serikali za mitaa, nyumba za wazee, kila mtu anataka sambusa na ngoma. Naipenda kazi hiyo na sitaiacha. Mtoto aliyezaliwa hapa akimwona mwalimu wake anakula maandazi kwa hamu, kuna kitu kinamkaa moyoni.

Lakini mtoto huyo jioni anarudi nyumbani kwao, na mama yake kapika. Bibi hana jioni ya namna hiyo. Chakula cha ile nyumba ndicho chakula chake chote, asubuhi, mchana na usiku, mpaka Mungu amchukue.

Binti yake, ambaye anafanya kazi ya zamu hospitalini, alinieleza kwa simu mambo ambayo sikuyajua siku ile. Mama alikuwa anapungua. Wazee wa huku hupimwa uzito mara kwa mara, na kipimo kinachotumika sana kinaitwa MUST, kimekuwapo tangu 2003. Mtu akipoteza kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake bila kukusudia, ndani ya miezi 3 hadi 6, anapewa alama 1. Akizidi asilimia 10, alama 2. Kwa mama wa kilo 60, kilo 3 zinatosha kumwingiza kwenye orodha ya wanaofuatiliwa.

Bibi alikuwa ameshaingia. Akaandikiwa vile vinywaji vya chupa ndogo vya kuongeza lishe, ladha ya vanila na stroberi. Anakunywa mafunda mawili, anaiweka chupa chini.

## Tiki ya halali

Nilidhani tatizo ni kwamba hawamjali. Haikuwa hivyo.

Jikoni kwao walikuwa wameandika kwamba Bibi ni Mwislamu, hali nguruwe, nyama yake iwe ya halali. Leicester nyama ya halali haina shida kuipata, na walikuwa wanainunua kwa uaminifu. Kwa hiyo siku za wiki aliletewa kuku wa halali kwenye mchuzi mzito wa krimu, au lasanya ya nyama ya halali, au viazi vya kuponda na soseji za halali. Kwa upande wa dini, walitimiza. Naamini kabisa walidhani wamemaliza.

Dini ilimwambia Bibi nini asile. Pangani ndiyo iliyomfundisha chakula ni nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za Pangani.

Na tena walijaribu zaidi. Kabla ya Oktoba waliagiza kwa msambazaji milo iliyogandishwa yenye kibandiko cha Kiafrika. Ilikuwa jollof na kuku wa pilipili. Jollof nzuri ni chakula cha fahari, na watu wa Senegal, Ghana na Nigeria wana haki ya kuigombania. Bibi aliona wali mwekundu wa nyanya unaowasha ulimi, akausogeza mbali. Kwenye kumbukumbu za siku hiyo mhudumu akaandika kwamba mkazi amekataa chakula cha Kiafrika.

Sentensi hiyo nimeisoma kwa macho yangu, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Mtu yeyote atakayefungua faili lile baadaye ataona kwamba mama huyu alipewa chakula cha kwao akakikataa. Njia imefungwa, na imefungwa na watu wenye nia njema.

## Mji uliokula muhogo miaka 50

Kinachonisumbua ni kwamba hapa ni Leicester.

Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huu ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja. Wakaja na wa Kenya na wa Tanzania kwa njia zao. Leo ukitembea Belgrave Road utakuta muhogo, bamia, bilinganya, nazi iliyokunwa na kugandishwa, na mzee wa Kihindi nyuma ya kaunta atakayekuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili kilichonyooka. Muhogo wa kukaanga uko kwenye menyu za mikahawa na watu wa kila rangi wanauagiza. Wenyewe wanauita mogo.

Basi kitu hakikosekani sokoni. Kiko umbali wa basi moja kutoka kwenye kile kiti cha Bibi. Kinachokosekana ni njia ya kukifikisha kwenye sahani yake Jumanne ya kawaida, mwezi wa pili, bila ngoma wala vitenge.

Na Bibi hatabaki peke yake. Sensa ya 2021 ilihesabu watu weusi wa asili ya Kiafrika wapatao milioni 1.5 England na Wales. Mwaka 2011 walikuwa chini kidogo ya milioni 1. Wengi wao bado wana nguvu, na kati yao wamo wanaowalisha wazee wa watu wengine kwa zamu za usiku. Miaka inakwenda.

## Ubao wa jikoni

Niliomba kukutana na mpishi mkuu. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kubishana, nikiwa na maneno yangu kuhusu heshima na utu. Yeye alinipeleka moja kwa moja kwenye ubao mweupe ulio kando ya jokofu.

Pale kila mkazi ana mstari wake. Namba ya chumba, mzio, kisukari, ulaini wa chakula, kinywaji kizito au chepesi, dini. Akaniambia: mimi napika kilichoandikwa hapa. Wakazi ni wengi, mikono ni miwili na nusu, na mtu akipewa kisicho kwenye mstari wake anaweza kupaliwa akafa. Akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Kuna mzee kutoka Zimbabwe ghorofani, kuna mama wa Kisomali, kuna Mjamaika, na sasa Bibi. Nijifunze Afrika nzima?

Nilirudi nyumbani na swali lake. Lilikuwa swali la haki, na nilikaa nalo siku nyingi kuliko nilivyotarajia. Sisi tunaotetea chakula cha asili tunapenda kusema "chakula cha Kiafrika" tukiwa jukwaani, na neno hilo linatufaa kwenye mabango. Jikoni halimsaidii mtu. Halimwambii apike nini saa sita mchana.

Mpishi hahitaji kuijua Afrika. Anahitaji kumjua mwanamke mmoja wa Pangani, kisha mzee mmoja wa Zimbabwe, na awe na mahali pa kuyaandika.

Hapo ndipo nilipoisoma sheria. CQC, chombo kinachokagua nyumba za wazee na hospitali za England, kinasimamia kanuni za mwaka 2014 zilizo chini ya Sheria ya Afya na Huduma za Jamii ya 2008. Kanuni ya 14 inahusu chakula na maji. Inadai mtoa huduma atimize mahitaji ya chakula yanayotokana na mapendeleo ya mtu au asili yake ya dini na utamaduni, ilimradi yawe ya kiasi. Utamaduni umetajwa pale pale pamoja na dini. Nimekutana na familia nyingi zinazodhani zinaomba fadhila. Wali na kunde ni ombi la kiasi kabisa, na mkaguzi akija ana haki ya kuuliza kama limesikilizwa.

Tuliporudi kuonana, mimi na binti wa Bibi tulikuja na karatasi moja, pande mbili. Hatukuandika habari za Afrika. Tuliandika kwamba asubuhi anakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, na kwamba chai ya mfuko iliyomwagiwa maziwa baridi hatainywa. Mchana wali, kunde au maharage ya nazi, mboga ya majani. Samaki kuliko nyama. Akiumwa, uji. Pilipili ikae pembeni, asiwekewe ndani. Anakula kwa mkono wa kulia, kwa hiyo aletewe bakuli la maji ya vuguvugu, sabuni na taulo kabla ya sahani.

Kuhusu mkono tulipambana kidogo. Muuguzi mmoja alihofia usafi, mwingine aliona kama Bibi anarudi utotoni. Bahati nzuri wanaowahudumia watu wenye maradhi ya kusahau wanalijua jambo hili: vyakula vya kushika kwa vidole hushauriwa sana, kwa kuwa mtu anaweza kusahau kijiko ni cha nini huku mkono ukikumbuka. Bibi wala hakuwa amesahau. Alikuwa anakula alivyolelewa. Bakuli la maji likakubaliwa.

## Kijiko kinapoinamishwa

Yule mzee wa Zimbabwe ndiye aliyenifundisha mahali ambapo mapenzi ya chakula peke yake hayatoshi. Yeye anataka sadza. Ni ugali, na nilikuwa tayari kuusonga siku hiyo hiyo. Ila mzee ana shida ya kumeza.

Tangu 2019 Uingereza inatumia mfumo wa IDDSI, wenye ngazi 0 hadi 7 za uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula. Mtaalamu wa kumeza alikuja jikoni na kijiko. Kwa ngazi ya 4, chakula kilicholainishwa kabisa, unakichota, unakiinamisha kijiko. Chakula kinatakiwa kianguke chote kwa pamoja, kijiko kibaki karibu safi. Kikikwama, hakifai, maana kitakwama kooni vivyo hivyo. Nilisonga ugali kidogo tukajaribu. Uling'ang'ania kwenye kijiko kama ugali mzuri unavyotakiwa kung'ang'ania, na ubora ule ule tunaousifu nyumbani ndio ulioufanya uwe hatari kwake.

Tulijaribu tena na tena, mtaalamu akiangalia. Uji mzito wa mahindi, uliochujwa usiwe na mabonge na kulainishwa kwa maziwa, ulianguka vizuri. Mzee anaupata asubuhi. Sadza yenyewe hajaipata, na sidhani kama ataipata tena. Hilo bado linaniuma.

Wali nao una masharti. Ngazi ya 5, ya vyakula vilivyosagwa na kuloweshwa, punje zisiachane na wala zisigandamane kama gundi. Lazima kuwe na mchuzi mzito wa kuzishika. Mchuzi wa kunde uliopondwa, wenye tui, unaifanya kazi hiyo vizuri kuliko michuzi mingi niliyoiona pale. Mchicha una nyuzi, kwa hiyo unasagwa. Haya mambo yanafanyika. Ila yanafanyika na mtaalamu aliyesimama pale jikoni. Kwenye vikundi vya simu hayafanyiki.

Na kwa kuwa nimetaja vikundi: siwezi kuungana na wanaosema chakula cha asili ni dawa ya kila kitu. Watu wenye asili yetu wana hatari mara 2 hadi 4 ya kupata kisukari cha aina ya 2 hapa Uingereza wakilinganishwa na Wazungu, na rundo la wali ni rundo la wali hata likipikwa kwa nazi. Mtu ambaye figo zimechoka anaweza kuambiwa apunguze potasiamu, na ndizi za kupika na muhogo vina potasiamu nyingi. Vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asile mchicha kwa fujo wiki hii na kuuacha wiki ijayo, kwa sababu vitamini K ya majani inaingilia dawa. Ale kiasi kile kile. Mtaalamu wa lishe anayejua kunde ni nini atakwambia haya bila kukunyang'anya sahani. Asiyejua atakwambia uache vyote ule brokoli. Ndiyo maana nafurahi sana nikiona vijana wetu wanasomea lishe.

## Mizani

Mpishi mkuu aliomba mapishi kwa maandishi. Nikasema sawa. Sikujua ninachokubali.

Mimi napima kwa jicho na kiganja. Tui la kwanza naliweka kando, tui la pili napikia, la kwanza linaingia mwishoni moto ukiwa mdogo. Chumvi naonja. Jiko la nyumba ya wazee linataka gramu, mililita, dakika, idadi ya watu, na orodha ya vizio 14 vinavyotambuliwa na sheria. Karanga imo. Ufuta umo. Samaki yumo, na dagaa ni samaki hata wakisagwa unga. Nazi haimo, jambo lililowashangaza wengi jikoni. Ilibidi ninunue mizani, nipike kila chakula nikiandika, nionje, nirudie.

Kuna vya kukubali na vya kukataa. Tui la kopo nimelikubali, mradi mafuta na maji vitikiswe vichanganyike. Kunde za kopo nimezikubali siku za dharura. Kitunguu cha unga nimekikataa. Wali kupikwa kwa maji kisha kumwagiwa tui juu nimekataa pia, na mpishi alipoonja vyote viwili akaacha kuniuliza.

Na mimi nimepewa masharti yangu. Chakula cha moto kisubirishwe kikiwa nyuzi 63 au zaidi. Wali uliobaki upozwe haraka uingie kwenye jokofu, maana bakteria wa wali hawaogopi kupashwa moto. Sufuria la pilau linalokaa wazi kuanzia adhuhuri mpaka wageni wa usiku, kama tunavyozoea kwenye shughuli, pale haliwezekani. Wana haki.

## Kwa wanaopikia nyumbani

Baadhi yenu mnaosoma hapa mnauza chakula kutoka majikoni kwenu, na najua mnaiogopa kaunsili. Jiandikisheni. Ni bure, inatakiwa ifanyike siku 28 kabla ya kuanza biashara, na mkaguzi akija anatoa alama kuanzia 0 hadi 5. Nyumba ya wazee haiwezi kununua hata chapati kwa mtu asiyeandikishwa, hata kama mkazi anailia. Kila mwaka nyumba hizo zinasaini mikataba na wasambazaji wakubwa wenye jollof ya kugandisha, na sisi tunaojua kupika samaki wa kupaka hatumo chumbani.

Na mwenye mzazi katika nyumba ya wazee, au mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, aombe kuona mpango wa huduma na asome mahali palipoandikwa chakula. Kama pameandikwa "halali" tu, au "hana mahitaji maalumu", peleka karatasi yako. Andika majina ya vyakula, vinavyopikwa vipi, vinaliwa saa ngapi. Waombe waiambatishe, na mpishi apate nakala.

## Tulipofika

Bibi sasa anapata wali na kunde au maharage mara tatu kwa wiki, chai yake kila asubuhi, na samaki Ijumaa, siku ambayo Waingereza wenyewe wanakula samaki. Binti yake ananiambia uzito umesimama. Haujapanda, umesimama. Bado kuna siku mpishi hayupo, wa muda anakuja, Bibi analetewa viazi vya kuponda, havili. Hapo karatasi ipo ukutani lakini hakuna aliyeisoma.

Tunachovutana sasa ni Ramadhani. Kwa afya yake Bibi hana sharti la kufunga, ila kila magharibi atataka futari, na yule mama wa Kisomali anafunga kweli. Miaka hii Ramadhani inaangukia mwishoni mwa baridi, jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, saa ile ile jiko linapofungwa. Meneja anasema zamu ya mpishi haiwezi kusogezwa. Mpishi anasema uji wa futari na muhogo wa nazi anaweza kuviacha tayari kwenye kabati la moto, kama mtu wa zamu ya usiku atafundishwa kupima joto na kuandika. Nimejitolea kumfundisha. Tunakutana tena wiki ijayo kuona kama meneja atakubali.